Mlinzi wa Mchezo Wetu Hakuwa na Jina

Nimeishika kalamu kwa sababu kuna jambo linalonikeketa maini tangu mwaka jana, na mlezi wa chama aliponiuliza kama nina makala ya jarida, nilijibu ninayo kabla hata sijafikiri. Sasa inabidi niandike.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi Waafrika, na hasa sisi tunaojiita wanafunzi wa fasihi, ni hodari wa kulalamika jinsi wageni wanavyotuchora katika vitabu na filamu zao. Malalamiko hayo ni ya haki, nami nitayaeleza bila kuyapunguza. Lakini nyani haoni kundule. Yale tunayowalaumu wageni tunayafanya wenyewe kwa wenyewe, humu humu nchini, humu humu shuleni, na mimi ninayeandika haya nilikuwa mstari wa mbele.

Tuanze na wageni, maana ndio rahisi kulaumu.

Mtakumbuka Jumamosi ile mwalimu wetu wa fasihi alipotuonyesha filamu ya Out of Africa ukumbini. Wengi walikuja kwa sababu ni filamu, si kwa sababu ya fasihi, na wengine walikuwa wanakoroma kabla ya ile ndege kuruka. Filamu hiyo ilitengenezwa mwaka 1985, mwelekezi wake akiwa Sydney Pollack, na waigizaji wakuu Meryl Streep na Robert Redford. Ilizoa tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ile ya filamu bora. Imetokana na kitabu cha Karen Blixen, mwanamke kutoka Denmark aliyekuja Kenya mwaka 1914, akalima kahawa karibu na vilima vya Ngong mpaka shamba likafilisika, akarudi kwao mwaka 1931. Kitabu kilitoka mwaka 1937. Nyumba yake hata leo ni makumbusho, kule Karen, na wengine wenu mmewahi kupelekwa huko na basi la shule mkapigwa picha kwenye nyasi.

Nitasema ukweli: filamu yenyewe inapendeza. Nchi yetu imepigwa picha ikatoka kama bibi harusi. Ila mwalimu alikuwa ametupa kazi. Kila mmoja achore mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja aandike kila mahali Mzungu anaposema anachokitaka maishani, na upande wa pili kila mahali Mwafrika anaposema anachokitaka yeye. Taa zilipowashwa, upande wangu wa kwanza ulikuwa umejaa hadi pembeni. Upande wa pili ulikuwa karibu mtupu. Farah yupo, tena ni mtu wa heshima, lakini karibu kila neno lake lamhusu bibi mkubwa: amekula, amechoka, anasafiri lini. Farah mwenyewe anataka nini? Filamu haina habari.

Walio vyuo vikuu wana jina la jambo hili. Wanaliita uwakilishi. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa mbunge. Mbunge huwawakilisha watu wa eneo lake kule bungeni ambako wao hawapo. Mhusika wa riwaya au filamu huwawakilisha watu wa jamii yake mbele ya msomaji ambaye pengine hatakutana nao kamwe. Tofauti ni kwamba mbunge tulimpigia kura, na miaka mitano ikiisha tunaweza kumtimua. Mhusika hakuna aliyempigia kura. Akishaingia katika kitabu kinachopendwa hukaa humo vizazi na vizazi, akiwasemea watu ambao hawakumtuma.

Mnamo Februari 1975, Chinua Achebe wa Nigeria alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kuhusu Heart of Darkness, hadithi ya Joseph Conrad iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1899 na inayosimulia safari ya mto Kongo. Hadithi hiyo ilikuwa ikifundishwa kila mahali kama johari ya Kiingereza. Achebe akasema wazi kwamba mwandishi wake alikuwa mbaguzi wa rangi. Kuna waliokasirika, na mpaka leo wapo wasomi wanaomtetea Conrad, wakisema kwamba alikuwa anaukemea ukatili wa Wabelgiji. Pengine. Lakini Achebe alifanya kitu ambacho hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kukifanya: aliangalia ni mara ngapi Waafrika wa kitabu hicho wanafungua vinywa wakasema maneno yanayoeleweka. Ni mara mbili tu. Pengine pote ni ngoma, makelele, macho gizani, miguu na mikono. Nchi nzima yenye wafalme, wavuvi na wake za watu imegeuzwa pazia la nyuma ya jukwaa ili Mzungu mmoja apatwe na wazimu mbele yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1978, Edward Said, Mpalestina aliyekuwa akifundisha New York, alitoa kitabu kiitwacho Orientalism. Alionyesha jinsi wasomi na washairi wa Ulaya walivyojitengenezea Mashariki yao vitabuni, kisha watawala wakaenda kuitawala Mashariki ya kweli wakiamini ile ya vitabuni. Sitawachosha na majina, lakini msije mkadhani ni elimu ya ng'ambo tu. Hapa hapa Nairobi, Oktoba 1968, yaani kabla ya wote hao, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na pawe na idara ambayo Afrika ndiyo kitovu chake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: kwa nini mtoto wa Afrika aanze kujitazama kwa kioo cha mwingine? Tunaposoma fasihi simulizi leo, ngano na vitendawili na majigambo, na kutahiniwa kwayo, tujue si jambo lililoota lenyewe kama uyoga.

Ngũgĩ huyo huyo, aliyefariki Mei 2025, hakumhurumia Karen Blixen. Alionyesha jinsi mama huyo, pamoja na mapenzi yake yote kwa Afrika, alivyomlinganisha mpishi wake Kamante na mbwa aliyezoea kukaa na watu. Na hapa kuna kitu nilichokigundua nikashtuka. Kamante alikuwa mtu wa kweli, Kamante Gatura, na mwaka 1975, miaka 10 kabla ya filamu ile, masimulizi yake mwenyewe yalichapishwa katika kitabu pamoja na michoro aliyoichora kwa mkono wake. Aliyeyakusanya ni mpiga picha wa Marekani, Peter Beard. Kumbe mpishi alikuwa na la kusema! Maktaba yetu ina nakala mbili za kitabu cha Blixen. Cha Kamante hatuna hata ukurasa.

Sasa tuje kwa lugha yetu. Sisi ni Chama cha Kiswahili, na hakuna filamu iliyotuingiza katika nyumba za dunia nzima kama The Lion King ya mwaka 1994, ile ya katuni, iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Simba, Rafiki, Pumbaa: watoto wa Marekani na Ujapani wanayatamka maneno hayo kabla ya kujua Kenya iko wapi. Hakuna matata nayo. Tuseme ukweli, ni lini mara ya mwisho wewe kumwambia mwenzako bwenini "hakuna matata"? Sisi husema hakuna shida, ama hamna noma. Maneno hayo yalikuwa ya watalii na hoteli za pwani, yakavuma na wimbo wa Them Mushrooms mwaka 1982, halafu Disney wakayasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yao ya biashara ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini ombi la kupinga. Mtu atakuuzia fulana yenye maneno ya nyanya yako.

Lakini mimi lililonikaa rohoni ni jina la yule fisi jike. Anaitwa Shenzi. Aliyempa sauti mwaka 1994 ni Whoopi Goldberg, Mmarekani mweusi, na mwenzake Banzai akapewa sauti na Cheech Marin, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, na wote wanazungumza kama watu wa mitaa ya makabwela ya miji ya kule. Wahakiki wengi walilalamika: mbona lafudhi ya maskini apewe fisi? Ni kweli Mufasa naye alisemewa na James Earl Jones, mtu mweusi, kwa hivyo tusirahisishe mambo. Lakini swali linabaki. Lafudhi ni kama sare ya shule. Ukimvika mtu, watazamaji wanajua anatoka wapi kabla hajasema kitu.

Na neno shenzi je, walilitoa wapi? Walilitoa kwetu! Hapo ndipo kidole kinapoanza kugeuka. Mshenzi lilikuwa neno la watu wa pwani kwa watu wa bara. Walowezi walipokuja walilikuta tayari limechongoka, wakalichukua na kutuitia sisi sote, wa pwani na wa bara. Hatukufundishwa na Mzungu kumdharau jirani. Tulikuwa na kamusi yetu.

Basi wacha nieleze habari ya mchezo.

Mwaka jana, Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, chama chetu kiliigiza kichekesho kiitwacho Tajiri Mpya. Mwandishi alikuwa mimi. Kilikuwa na wahusika watano: tajiri, mkewe, binti yao, mchumba wa binti, na mlinzi wa lango. Wanne wa kwanza niliwapa majina, tena majina matamu, nikakaa usiku mzima nikiyachagua. Wa tano kwenye mswada niliandika hivi: MLINZI (Mturkana). Mwigizaji wake alikuwa kijana wa Nakuru ambaye hajawahi kufika hata Kapenguria. Tulimpa shuka, fimbo na kile kigoda kidogo cha Waturkana, na tukamfundisha lafudhi ambayo, nikikumbuka sasa, hatukuisikia kwa Mturkana yeyote. Tuliisikia kwa wachekeshaji. Sentensi yake kubwa, iliyovunja ukumbi, ilikuwa: "Mimi najua kuchunga tu, mbuzi ama mlango!"

Mliokuwepo mnakumbuka. Walimu walipangusa machozi. Tulipigiwa makofi mpaka vumbi la dari likaanguka. Mimi nilipewa kamusi kama zawadi, na usiku huo nililala nikijiona Shakespeare.

Ninayeketi naye dawati moja anatoka Lodwar. Mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi, baba yake anafanya biashara ya samaki wa ziwani, wale wanaokaushwa na kuletwa mpaka Kitale. Kuchunga mbuzi amechunga mara moja tu, likizo, kwa nyanya yake, na beberu likampiga kichwa akaacha kazi siku hiyo hiyo. Ameniambia mwenyewe huku tunacheka. Kwa insha hakuna anayemkaribia katika kidato chetu. Mimi nilipewa kamusi, lakini mwenye msamiati ni yeye.

Kesho yake kwenye gwaride la asubuhi alikuwa ameshapata jina jipya. Mlango. "Mlango, pitisha chumvi." "Mlango, umefungwa ama uko wazi?" Mwanzoni alicheka pamoja nasi. Angefanya nini? Ukikataa mzaha unaambiwa huna ucheshi. Lakini kila aliposimama darasani kujibu swali, sauti ilitoka nyuma, ndogo, mwalimu asisikie: mbuzi ama mlango. Kufikia Septemba alikuwa hainui mkono. Mjadala wa muhula wa tatu, ambao yeye ndiye alikuwa msemaji wetu wa pili, alisema koo linamuuma. Tukashindwa.

Mimi nilijua. Nilikaa naye dawati moja, nikajua, nikanyamaza. Na sitawaficha sababu: nilikuwa naionea fahari ile sentensi. Mwandishi gani asiyefurahi maneno yake yakikaririwa na shule nzima?

Siku moja wakati wa masomo ya jioni, tukidurusu fasihi, alirarua karatasi akaandika kitu kisha akaisukuma upande wangu bila kunitazama. Ilikuwa swali la mtihani, mtindo wa Karatasi ya Tatu kabisa: Eleza sifa za MLINZI katika kichekesho cha Tajiri Mpya (alama 10). Chini yake majibu. Hana jina. Hana mama. Hana kwao. Hana anachokitaka. Halafu akaandika: Nimepata alama 4, nyingine hazipatikani.

Nilikumbuka ile karatasi yangu ya Out of Africa, iliyojaa upande mmoja. Nilikuwa nimemcheka Pollack, na mimi nilikuwa nimefanya vile vile, tena kwa Kiswahili sanifu.

Baada ya hapo nilianza kuangalia. Tazama runinga yetu wenyewe. Turkana inaonekana lini? Inaonekana wakati wa ukame. Mzee amekaa chini ya mti, mtoto amekonda, mzoga wa ngamia, halafu sauti ya mwandishi wa Nairobi inaeleza. Mzee mwenyewe akisema, anasema sekunde tano kisha sauti inamfunika. Sisemi njaa ni uongo. Ipo, na mwaka 2011 Wakenya wa kila tabaka walichanga pesa na chakula, jambo ninaloliheshimu. Lakini mtu akionyeshwa kila mara akiwa na njaa tu, mwishowe njaa inakuwa ndilo kabila lake. Na sasa niulizeni: je, si hivi hivi ndivyo runinga za Ulaya zinavyoionyesha Kenya? Tunapandwa na hasira tukiona nchi yetu imefupishwa ikawa Kibera na twiga. Watu wa kaskazini wakisafiri kuja huku kusini husema wanakwenda Kenya. Tunawacheka kwa usemi huo, badala ya kujiuliza ni nani aliyewafundisha kwamba wao wako nje.

Huyo mtu wa Turkana tunayemjua kwa shuka na fimbo tu, kwao kulipatikana mwaka 1984, pale Nariokotome, mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na aliyeanza kuiona ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Wanafunzi wa historia wa dunia nzima wanamsoma kijana huyo. Paul Ereng, Mturkana, alituletea dhahabu ya mita 800 kutoka Seoul mwaka 1988. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Sitaji haya ili tuwabadilishe kutoka vichekesho wawe malaika. Mlinzi malaika naye si mtu. Nataja kuonyesha kwamba nilipoandika "Mturkana" kwenye mabano nilikuwa sijui chochote, na ule ujinga wangu ndio ulioniletea makofi.

Kuna watakaonijibu: wewe sasa unataka kuua ucheshi. Ni mzaha tu, mbona unatuletea siasa? Tena watanitajia Mzee Ojwang'. Hoja nzuri, na imenisumbua. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka na mikaka aliigiza katika Vitimbi na Vioja Mahakamani kama Ojwang' mwenye lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo wenyewe walimpenda kama mjomba wao. Kwa nini yeye hakuwaumiza? Nimefikiri sana, na hili ndilo jibu langu, mnaweza kulikataa. Ojwang' alikuwa na jina. Alikuwa na mke, Mama Kayai, waliyegombana naye tukasikia pande zote mbili. Alikuwa mjanja, mwoga, mchoyo, mwenye huruma, kutegemea wiki. Lafudhi ilikuwa sehemu ya mtu. Kwa mlinzi wangu lafudhi ndiyo ilikuwa mtu mzima, hakuna kilichobaki ukiivua.

Hata Shakespeare niliyejilinganisha naye alilijua jambo hili. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, yumo Myahudi Shylock, na hadhira ya zama zile ilikuja tayari kumzomea. Mchezo wenyewe unamdhalilisha, hilo sikatai, na ndiyo maana unabishaniwa hata leo. Lakini mwandishi alimpa Shylock mahali pa kusimama na kuuliza kama yeye naye si mtu wa nyama na damu. Mimi nilimpa mlinzi wangu fimbo. Tena tazameni mtafsiri alivyofanya: Kiingereza kinasema mfanyabiashara mmoja, Nyerere akasema mabepari, wote. Kwa kubadilisha neno moja la kichwa aligeuza kidole kutoka kwa Myahudi peke yake kikaelekea mji mzima wenye pesa. Tafsiri nayo ni uwakilishi, na sisi wa Kiswahili tuna kazi hapo.

Nina ombi kwa walimu wetu walio majilisini, na naliandika kwa heshima zote. Katika mitihani tunaulizwa sifa za mhusika. Mkarimu, mwenye tamaa, msaliti; tunakariri kama orodha ya dukani. Ni mara chache tunaulizwa ni nani aliyempa sifa hizo, na ni nani katika hadithi hakupewa sifa yoyote. Wasichana wa shule jirani waliotutembelea muhula uliopita walitupiga bao hapo hapo. Walituuliza kuhusu riwaya tuliyokuwa tunaisifu: yule mjakazi wa sura ya tatu anaitwa nani? Tulipekua kurasa nusu saa. Kila mara ni "mjakazi". Hata mimi niliyekwisha kuumwa na nyoka huyu sikuwa nimeliona.

Nilimwomba msamaha mwenzangu wa dawati mwezi wa Novemba, na si jambo rahisi, msidhani. Alisema, "Sawa." Nikamuuliza kama anataka mchezo ule ufutwe kabisa. Akasema hapana, mchezo ni mzuri, ila umeandikwa nusu. Nikampa mswada. Alikaa nao likizo nzima ya Desemba kule Lodwar, akaurudisha umejaa wino mwekundu kuliko daftari langu la hesabu.

Mlinzi sasa anaitwa Ekal. Analinda usiku na kusoma mchana, karo ikipatikana, na ndiyo sababu husinzia langoni, jambo ambalo mimi nililifanya uvivu. Kuna onyesho jipya ambapo Ekal anampigia mama yake simu kumsimulia vituko vya watu wa huku Kenya: kwamba wana mbwa anayelala ndani na mtu anayelala nje, kwamba wanaweka maji mengi kwenye shimo kubwa kisha hakuna anayeyanywa, na kwamba wanamuuliza yeye kama kwao kuna watu. Mlezi wa chama aliposoma hapo alicheka mpaka akavua miwani.

Shuka tumeiondoa. Walinzi huvaa sare, alisema mwenzangu, umewahi kuona kampuni inayolindisha shuka? Lafudhi imebaki, lakini sasa kila mhusika anayo ya kwake, hata tajiri, ambaye Kiswahili chake kinaanguka kila akikasirika. Na ile sentensi yangu maarufu haikufutwa. Nilidhani ndiyo ya kwanza kupigwa wino. Imehamishwa tu. Sasa anayeisema ni tajiri, akimnyooshea Ekal kidole mbele ya wageni: "Wewe unajua kuchunga tu, mbuzi ama mlango!" Jibu la Ekal sitaliandika hapa, mlisikie wenyewe ukumbini Julai 7.

Atakayeigiza Ekal ni mwenzangu mwenyewe. Mke, binti na mchumba wamepatikana. Nafasi ya tajiri bado iko wazi, kwa sababu kila anayesoma mswada anataka kuwa mlinzi. Anayeiweza aandike jina lake nyuma ya daftari la mahudhurio ya chama kabla ya Ijumaa, na awe na sauti.